Stori ya TVZ: Jinsi Zanzibar Ilipata TV ya Rangi Kabla ya Nairobi na Dar

Uliza wasee wa Nairobi TV ya rangi ilianzia wapi huku kwetu, wengi watakwambia ni hapa hapa. Zii. Wengine watasema Afrika Kusini, juu ndio wako na doo. Zii pia. Ilikuwa Zanzibar, mwaka wa 1973, na stesheni yenyewe inaitwa Televisheni Zanzibar, au TVZ. Hadi leo hutajwa kama TV ya kwanza ya rangi Afrika kusini mwa Sahara.

Na hao watu wenyewe hawakuwa wengi. Sensa ya 1978 ilipata watu 476,000 hivi Unguja na Pemba zikijumlishwa. Soko dogo kabisa kwa stesheni nzima ya TV.

Majirani walikuwa wapi?

Kenya ilikuwa na TV tangu 1962. Mtambo wa kwanza uliwekwa kwa shamba huko Limuru, na picha ilifika maili 15 tu. Lakini hiyo ilikuwa nyeusi na nyeupe, na mwaka wa 1973 bado tulikuwa hapo hapo. Afrika Kusini, na utajiri wake wote, ilifungua TV ya taifa Januari 1976.

Maajabu zaidi yalikuwa Dar es Salaam, kilomita kama 70 hivi ng'ambo ya maji. Nchi ni moja tangu Muungano wa Aprili 1964, lakini Bara haikuwa na stesheni hata moja. Mwalimu Nyerere aliona TV ni anasa ya wachache wa mjini. Yeye aliamini redio, na redio kweli ilifanya kazi: mwaka huo huo wa 1973, Radio Tanzania ilikuwa inaendesha kampeni ya "Mtu ni Afya", watu vijijini wakikaa kwa vikundi kusikiliza na kujadili jinsi ya kujikinga na magonjwa.

Sasa nchi moja iliwezaje kuwa na misimamo miwili? Ni kwa sababu utangazaji si jambo la Muungano. Zanzibar inajipangia yenyewe, na hadi sai iko na tume yake ya utangazaji.

Doo ilitoka wapi?

Karafuu. Kitambo hicho Zanzibar ndio ilikuwa jina kubwa la karafuu duniani, na mteja wake mkubwa alikuwa Indonesia, ambako zinachanganywa na tumbaku kutengeneza sigara za kretek. Serikali ilinunua karafuu kutoka kwa mkulima kwa bei yake, ikauza nje kwa bei ya dunia, na tofauti ikabaki kwa hazina.

Hiyo hazina ndiyo ilisukuma ndoto za Rais Abeid Amani Karume, kama zile fleti ndefu za Michenzani zilizopangwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Karume aliuawa Aprili 7, 1972, kabla ya TV kuwaka. Aliyekuwa ofisini picha zilipoanza ni Aboud Jumbe.

Hapa ndipo stori inakuwa noma. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 70, Wazanzibari walikuwa wanapanga foleni kutafuta mchele na sukari. Mkulima wa Pemba, ambako karafuu nyingi hutoka, alikuwa analipwa kipande kidogo tu cha bei ya dunia. Kwa hivyo TV ya kwanza ya rangi ilikuwa sifa kubwa kwa kisiwa, lakini bili ililipwa na mtu ambaye pengine hakuwa hata na stima kwake.

Ilionyesha nini?

Taarifa ya habari, taarab, ngoma, maigizo, mawaidha ya Ramadhani, na kila Januari 12, sherehe za Mapinduzi. Kitu kilichobamba ni kwamba mambo yalikuwa kwa Kiswahili cha hapo hapo. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kwa hivyo lugha ambayo sisi tulikuwa tunafundishwa shuleni, TVZ ilikuwa inaisikia ikiongewa nje ya mlango.

Kushuka

Miaka ya 80 bei ya karafuu ilianguka. Indonesia ilikuwa imepanda mikarafuu yake, haikuhitaji tena kununua kwingine. TV hula pesa za kigeni: kamera, vipuri, kanda, vyote vinatoka ng'ambo. Mfuko ukikauka, mitambo inazeeka tu.

Mwaka wa 1994, Bara ikafungua mlango kwa stesheni za kibinafsi, ikiwemo ITV ya Reginald Mengi. Ile sifa ya kuwa peke yako ikaisha.

Halafu siasa ya vyama vingi ikaingia. Kwa uchaguzi wa 1995 na wa 2000, upinzani uliteta kwamba vyombo vya serikali vinabeba chama tawala, na waangalizi wakasema hivyo hivyo. Stesheni inayolipwa na serikali pekee ilikuwa na ugumu wa kumpa mpinzani wa serikali dakika zake.

Sai iko wapi?

Mwaka wa 2013, TVZ iliunganishwa na redio ya serikali, Sauti ya Tanzania Zanzibar, zikawa Shirika la Utangazaji Zanzibar, yaani ZBC. Bado iko hewani, na sensa ya 2022 ilionyesha visiwa viko na watu karibu milioni 1.9, mara nne ya wale wa 1978.

Kwa wale wanaofungua stesheni ndogo za lugha za nyumbani hapa Kenya tangu tuhamie dijitali 2015, TVZ ni somo la bure. Mtambo unanunuliwa mara moja. Anayelipa bili kila mwezi ndiye anaamua nani ataonekana kwa skrini, na siku mfuko wake ukikauka, picha nayo inafifia.