Taa ya mezani ya kioo: Pambo linalohitaji uangalifu

TAA ya mezani ya kioo ni ile ambayo shina lake, kifuniko chake au vyote viwili vimetengenezwa kwa kioo. Kwa wakazi wa Siongiroi, eneo la Chepalungu katika Kaunti ya Bomet, si kitu kigeni kabisa. Kabla ya umeme kuwafikia wengi vijijini, sebule yenye uwezo iliangazwa kwa taa ya chemni, huku koroboi ya mkebe ikifuka moshi jikoni. Chemni haikuwa urembo: ilikinga mwali dhidi ya upepo na kuvuta hewa juu, mafuta yakaungua vyema na masizi yakapungua.

Katika usanii wa kioo nchini Kenya, jina lililovuma ni Kitengela, Kaunti ya Kajiado, alikoanzisha karakana msanii Nani Croze. Huko, vioo chakavu vya madirisha huyeyushwa tanuruni kwa joto linalozidi nyuzi 1,000, kisha fundi hupuliza kwa bomba la chuma. Baadaye chombo hupozwa polepole. Mnunuzi haioni hatua hiyo, ingawa ndiyo anayoilipia hasa, kwani kioo kilichopozwa haraka hubaki na mkazo ndani na huweza kupasuka chenyewe mezani. Vipovu vidogo si kasoro. Ufa, hata mwembamba kama unywele, ni sababu tosha ya kuikataa taa.

Balbu ya LED ya wati 9 humulika takriban sawa na ile ya zamani ya wati 60, bila joto kali linaloumiza kioo kinene. Waya upitishwe nyuma ya meza, mbali na mikono ya watoto.