Ua la mpopi la ukumbusho
Ua la mpopi la ukumbusho ni ua jekundu la kutengenezwa linalovaliwa kifuani kuwakumbuka askari waliokufa vitani, hasa Uingereza na Kanada, kuelekea tarehe 11 Novemba, siku mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza yaliposimama mwaka 1918.

Asili yake ni mipopi iliyochanua katika ardhi iliyovurugwa na mizinga huko Flanders, Ubelgiji, wakati wa vita hivyo. Daktari Mkanada John McCrae aliitaja katika shairi la mwaka 1915. Mmarekani Moina Michael akaanza kulivaa ua hilo mwaka 1918, na Mfaransa Anna Guérin akaeneza uuzaji wake.

Shirika la Uingereza la Royal British Legion lilianza kuuza maua hayo mwaka 1921. Mwaka uliofuata kiwanda cha kuyatengeneza kilifunguliwa London kuwaajiri askari waliolemazwa na vita. Michango inayotolewa kwa maua hayo husaidia askari wa zamani na familia zao.