Lodwar na Kakuma: Kutoka Kibali hadi Karibu

Mwaka 1959, Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung, hakurudishwa kwao. Alihamishiwa Lodwar, akakaa huko chini ya ulinzi hadi 1961. Wakoloni walijua walichokifanya: Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, na mtu wa nje hakuingia bila kibali. Leo mji huohuo una chuo kikuu kishiriki na chuo cha mafunzo ya utabibu, na vijana hufika kwa mabasi wakiwa na masanduku na magodoro. Wapo wazee wa Lodwar walioziona zama zote mbili.

Kakuma, huko huko Turkana, ndiko wageni walikoingia kwa wingi. Serikali ya Mengistu ilipoanguka Ethiopia mwaka 1991, vijana wa Sudan waliokuwa wamekimbilia huko walilazimika kutembea tena. Mwaka 1992 zaidi ya 10,000 kati yao walifikishwa Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa, wengi wakiwa watoto wasio na wazazi. Darasa lilikuwa chini ya mti. Kidole kilikuwa kalamu, na mchanga ulikuwa daftari.

Kwa Waturkana pia, kivuli cha mti ndicho baraza. Mzee huja na ekicholong chake, kigoda kidogo cha mti ambacho mchana hukikalia na usiku hukifanya mto. Salamu ni “Ejok?”, na jibu ni “Ejok nooi”. Kusema kweli, wenyeji na wakimbizi hawajapatana siku zote. Kuni na maji vimezua ugomvi mwingi. Hata hivyo, ukarimu wa vyuo vya huku haukuletwa na jengo lolote. Ulianzia kivulini, pale aliyetangulia aliposogea ili anayefika apate pa kukaa.

Elimu ya juu ilichelewa. Mpango wa DAFI wa kuwasomesha wakimbizi vyuoni, unaofadhiliwa na Ujerumani, ulianza 1992, mwaka uleule wa kambi, lakini nafasi zilikuwa chache na vyuo vilikuwa mbali. Mwaka 2010 Wajesuti walianzisha Kakuma masomo ya diploma kwa njia ya intaneti, pamoja na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani. Mwalimu alikuwa ng'ambo ya bahari. Aliyekaa jirani ndiye aliyesaidia pale kompyuta au Kiingereza kilipogoma. Msomali, Mkongo, Mrundi na Msudan walijikuta darasa moja, na mara nyingi Kiswahili ndicho kilichowapatanisha. Kila mmoja ana chake: Mkongo wa Uvira husema “Jambo yako?”, Mkenya hujibu “Poa”, na mazungumzo yanaendelea bila mtu kusahihishwa. Hicho ni kipimo kizuri cha chuo kinachopokea watu.

Lodwar ilipata Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana mwaka 2017, chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Kakamega. Wakenya wa kusini hupangiwa na serikali kwenda kusoma Turkana, kaunti ambayo wengi waliijua kwa habari za ukame tu. Safari hushuka kutoka Kitale, ikapita Kapenguria, Kainuk na Lokichar. Anayetoka kwenye baridi ya Kitale huteremka Lodwar na sweta mkononi, macho yakitafuta kivuli. Siku hiyo ya kwanza anahitaji mtu wa kumwonyesha maji yako wapi, chumba kinapangishwaje, na kwa nini mchana watu hukaa ndani.

Basi, wewe uliyemaliza kidato cha nne na unayejaza chaguo zako, usitosheke na picha za majengo. Mtafute anayesoma huko sasa, umuulize ni nani aliyempokea stendi siku alipofika, na kama yeye mwenyewe amewahi kwenda kumpokea mwingine.