Rumonge: Vitabu vinavyomfungulia mtoto mlango wa sayansi

Mji wa Rumonge, ulio kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika kusini mwa Bujumbura, unajulikana kwa samaki, mawese na Kiswahili. Mtoto anayekulia huko huzishuhudia kazi za sayansi na uhandisi kabla hajayasikia majina hayo darasani. Jioni huona mitumbwi ikiingia ziwani na taa, asubuhi huona ndagala wakianikwa juani, na njiani hupita penye mashine ya kukamulia mawese. Anachokikosa mara nyingi ni kitabu kinachomweleza, kwa lugha anayoielewa vyema, sababu ya mambo hayo.

Maswali yaliyo karibu na nyumbani

Ndagala, ambao Tanzania huitwa dagaa, huwafuata viumbe wadogo sana wa majini wanaopanda juu usiku na kushuka chini mchana. Mwanga wa taa huwavuta samaki hao na kuwakusanya juu ya wavu. Usiku wa mbalamwezi taa ya mvuvi hushindana na mwezi, nao samaki hawakusanyiki kwa wingi. Ndiyo maana uvuvi hupungua siku hizo. Katika jambo hilo moja mna somo la mwanga na la viumbe hai.

Mashine ya mawese inayozungushwa kwa mkono nayo ni somo la uhandisi. Skurubu yake huigeuza nguvu ndogo ya mikono, inayosafiri mzunguko mrefu, kuwa mgandamizo mkubwa unaosogea kidogo tu. Mafuta yakichemshwa pamoja na maji huelea juu, kwa kuwa ujazo uleule wa mafuta una uzito mdogo kuliko wa maji.

Ziwa lenyewe lina maswali mazito zaidi. Kina chake hufikia takriban mita 1,470, nalo ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Mito mingi huingia humo, lakini unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kugeuka mvuke. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa hupanda. Mwaka 2021 maji yalifunika makazi ya watu mwambaoni, Rumonge ikiwemo. Mtoto aliyehama nyumba kwa sababu hiyo ana haki ya kuelewa kilichotokea.

Kikwazo cha lugha

Katika shule za msingi za Burundi, masomo huanza kwa Kirundi, kisha Kifaransa huchukua nafasi yake katika madarasa ya juu. Kiswahili hufundishwa kama somo. Hivyo mtoto wa familia ya Waswahili huweza kukutana na sayansi kwa lugha ambayo haizungumzwi nyumbani kwao, na mzazi wake akashindwa kumsaidia.

Ng'ambo ya mpaka hali ni tofauti. Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, sayansi hufundishwa kwa Kiswahili, na Taasisi ya Elimu Tanzania huchapisha vitabu vya sayansi kwa lugha hiyo. Baadhi ya wazazi wa Rumonge na Nyanza-Lac waliwahi kusoma kwa mtaala huo, walipokuwa wakimbizi nchini Tanzania baada ya machafuko ya 1972. Kwao, istilahi kama usanisinuru au wenzo si ngeni, na vitabu hivyo wanaweza kuvisoma pamoja na watoto wao.

Walioanza na kitabu

Kwenye mwambao huohuo, kusini kidogo ya mpaka wa Burundi, iko Gombe. Mtafiti Jane Goodall, mzaliwa wa London, alifika hapo Julai 1960 akiwa na hamu ya Afrika iliyoanza utotoni, aliposoma hadithi za Daktari Dolittle na za Tarzan. Mwaka huohuo alimwona sokwe akitumia bua la nyasi kuvua mchwa kichuguuni, wakati wataalamu wengi waliamini kuwa kutengeneza na kutumia zana ni sifa ya binadamu peke yake.

Nchini Malawi, William Kamkwamba aliacha shule wakati wa njaa ya 2001 na 2002 kwa kukosa karo. Katika maktaba ndogo ya shule ya msingi alikipata kitabu cha Kiingereza kiitwacho Using Energy. Kiingereza chake kilikuwa hafifu, hivyo alitegemea michoro. Kwa vipande vya baiskeli, feni ya trekta na miti alijenga kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao. Michoro ilimsaidia kuvuka kikwazo cha lugha, lakini si kila mtoto hupata michoro iliyo wazi kiasi hicho.

Burundi nayo ina mfano wa kuwafikishia watoto vitabu. Mwaka 2014, shirika la Maktaba Bila Mipaka lilifungua katika kambi za wakimbizi wa Kongo, zikiwemo Kavumu na Bwagiriza, maktaba ya kuhamishika inayosafirishwa ndani ya masanduku, yenye vitabu, kompyuta na vifaa vya filamu.

Linalowezekana nyumbani na shuleni

Kitabu kimoja huweza kuwatosha watoto wengi kikisomwa kwa sauti na kusimama kila penye swali. Kinachosomwa kijaribiwe: mafuta yamiminwe ndani ya glasi ya maji, kijiti kigeuzwe wenzo, kivuli cha mti kipimwe asubuhi na adhuhuri. Mzazi asiyejua kusoma naye ana nafasi yake. Mvuvi anaweza kuwaeleza watoto jinsi taa inavyofungwa na wavu unavyoshushwa, mwalimu akawaonyesha katika kitabu ukurasa unaoeleza mwanga.