Saa Mbili katika Mashine Moja

Mtu wa Kibaha akimwahidi nduguye wa Kisarawe kwamba atafika saa mbili asubuhi, mshale wa saa yake utaelekea nane, wala hapana atakayeshangaa. Hesabu hizo mbili zimepishana kwa saa sita, nazo huishi pamoja bila ugomvi, kwa kuwa kila mtu ajua ni ipi inayotajwa. Kompyuta haikujaliwa ujuzi huo.

Mwaka 1984 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta iliyoitwa AT, yenye saa ya betri iliyozidi kutembea hata mashine ilipozimwa. Mfumo wa DOS uliihesabu saa ile kuwa ya mahali alipo mwenye mashine, na Windows ikairithi desturi hiyo. Unix, uliozaliwa Marekani katika maabara za Bell, ulihesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia; na Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ikafuata nyayo zake. Basi mifumo hii miwili ikiwekwa katika mashine moja, saa ya betri huwa moja na wasomaji wake wawili. Katika Tanzania, iliyo mbele ya saa ya dunia kwa saa tatu, tofauti yao ni saa tatu kamili.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akiandika masimulizi ya wazee wa Kizaramo huko Kisarawe. Usiku mmoja, saa mbili, alifunga Windows akafungua Linux, pasipo intaneti ya kuisahihisha saa. Linux ikadhani namba ya betri ni saa ya dunia, ikaongeza tatu. Faili aliyoitengeneza ikapigwa muhuri wa saa tano, akaiwekea nakala ya akiba. Kisha alirudi katika Windows, na saa tatu akaongeza maelezo ya maneno ambayo mzee mmoja alimfafanulia. Programu yake ya akiba ilinakili faili mpya tu. Ikalinganisha tatu na tano, ikaiona kazi ya mwisho kuwa kuukuu, ikaipita. Diski ilipoharibika, maelezo yale yalipotea, na mzee alikuwa amekwisha fariki.

Dawa yake haikukosekana. Programu ya rsync, waliyoitoa Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996, kwa kawaida haiulizi ipi mpya; hutazama ukubwa na muhuri wa wakati, na kimoja kikitofautiana, faili hushughulikiwa. Ikiamriwa, husoma yaliyomo yote na kuyalinganisha kwa hesabu. Njia hii ni ya polepole, lakini haidanganywi na saa. Tena mifumo yote miwili yaweza kuamriwa kuisoma betri kwa hesabu moja, nayo ni kazi ya dakika chache.

Sisi tunaotafiti mambo ya kale twajua kwamba tarehe isiyotaja kalenda yake ni ushahidi dhaifu. Muhuri wa faili ni tarehe ya namna hiyo. Na ausikilize mwanafunzi kama shahidi, lakini hukumu aitoe baada ya kuyasoma yaliyoandikwa.