Kurusha pasi: msamiati wa kumpima kwotabeki chipukizi

kurusha pasi kt. Katika futiboli ya Marekani: kuupeleka mpira mbele kwa mkono, hewani, hadi kwa mchezaji wa timu ileile. Kanuni ziliruhusu tendo hili mwaka 1906. Mrushaji mkuu ni *kwotabeki*, yaani mchezaji anayepokea mpira mwanzoni mwa shambulizi na kuamua uende wapi.

Uteuzi wa kitenzi

Nomino *pasi* imezoeleka kutokana na soka, ambako mpira hupigwa kwa mguu. Msomaji akikuta *kupiga pasi* katika habari za kwotabeki, atauona mguu, au atakumbuka nguo zinazonyooshwa. *Kupasi* nako huweza kueleweka kuwa kufaulu mtihani. Maana hii hupotosha zaidi anapozungumziwa mwanafunzi wa sekondari, kwa kuwa alama zake za darasani nazo huangaliwa kabla chuo hakijampokea. *Kurusha pasi* huondoa utata wote huo.

Kitenzi *kusajili* nacho kitumiwe kwa tahadhari. Katika habari za soka huashiria mkataba na mara nyingi ada ya uhamisho. Mwanafunzi wa sekondari hauzwi na shule yake: vyuo humwahidi ufadhili wa masomo, naye huchagua. Kwa hiyo *chipukizi anayewaniwa na vyuo* ni maelezo yaliyo karibu zaidi na hali halisi. Watathmini humpa nyota, na daraja la juu kabisa ni nyota tano.

Hukumu tatu zisichanganywe

Mashabiki wanapobishana kama kijana fulani anajua kurusha, huwa wanajibu maswali matatu tofauti. Kiswahili kina maneno ya kila moja. Mfasiri akitumia neno moja kwa yote, sifa huweza kugeuka lawama.

1. *Nguvu za mkono.* Hueleza umbali na kasi ya mpira. Isisemwe kuwa kijana «ana mkono mrefu», kwa sababu nahau hiyo humtaja mwizi. Isisemwe pia kuwa «ana mkono» bila kuongeza neno, maana sentensi hubaki ikielea. Sahihi: *Ana nguvu za mkono, mpira wake huenda mbali na kwa kasi.*

2. *Shabaha.* Hueleza mahali mpira unapofika. Pasi huweza kumfikia mdakaji na bado ikawa na kasoro: ikifika nyuma ya mgongo wake, humlazimu asimame na kugeuka, na mbio zake hukatika. Sahihi: *Analenga vizuri, mpira humkuta mdakaji bila kumpunguzia mwendo.*

3. *Kusoma mchezo.* Hueleza uamuzi: nani arushiwe, na lini. Mrushaji mzuri huuachia mpira kabla mdakaji hajageuka. Usemi huu tayari umo katika utangazaji wa soka, na hapa hubaki na maana ileile.

Tofauti kati ya hukumu ya kwanza na ya pili huonekana kwa Josh Allen. Alipomaliza sekondari huko California hakupata ufadhili wa chuo chochote kikubwa. Alianzia chuo cha miaka miwili, kisha akahamia Wyoming. Kuhusu nguvu za mkono wake hakukuwa na ubishi. Kilichotiliwa shaka ni shabaha, kwani huko Wyoming pasi zake zilizodakwa zilikuwa takriban asilimia 56. Mwaka 2018 Buffalo Bills walimchagua akiwa wa 7 katika uteuzi wa ligi ya kulipwa. Kufikia msimu wa 2020, asilimia hiyo ilikuwa imepanda hadi 69.2. Anayetafsiri maoni ya mwaka 2017 kwa kusema tu «hajui kurusha» atakuwa ameongeza hukumu ambayo wengi wa wakosoaji hawakuitoa.

Takwimu na majina yake

*Asilimia ya pasi zilizodakwa* hupatikana kwa kugawanya pasi zilizodakwa kwa pasi zote zilizorushwa, kisha kuzidisha kwa 100. Jina hili ni bora kuliko «asilimia ya usahihi», kwa sababu pasi nzuri huweza kuponyoka mikononi mwa mdakaji, na pasi mbovu huokolewa na mdakaji hodari. *Pasi iliyonaswa* ni ile iliyodakwa na mpinzani.

Katika michezo ya vyuo kuna pia *kipimo cha ufanisi wa pasi*. Zidisha yadi za pasi kwa 8.4, ongeza tachidauni za pasi mara 330 na pasi zilizodakwa mara 100, toa pasi zilizonaswa mara 200, kisha gawanya jumla kwa idadi ya pasi zilizorushwa.

Mfano ni Joe Burrow akiwa LSU. Mwaka 2018 zilidakwa pasi 219 kati ya 379, yaani asilimia 57.8. Mwaka 2019 zilidakwa 402 kati ya 527, yaani asilimia 76.3, alipata yadi 5,671 na tachidauni 60, na pasi 6 zilinaswa. Kipimo chake kilitoka 133.2 hadi takriban 202. Mrushaji ni yuleyule, ila mfumo wa mashambulizi ulibadilishwa na wadakaji wake walikuwa wamepevuka. Kwa hiyo takwimu za msimu mmoja zitafsiriwe kwa kitenzi cha wakati uliopita: *zilidakwa asilimia 57.8 ya pasi zake*. Wakati wa mazoea, kama *hukosa shabaha*, huifanya rekodi ya mwaka kuwa tabia ya mtu.

Mifano ya matumizi

Epuka: *Kinda huyu ana mkono mrefu lakini hapasi vizuri.*
Andika: *Kinda huyu ana nguvu za mkono, lakini shabaha yake katika pasi fupi bado haijatulia.*

Epuka: *Ana usahihi wa asilimia 60.*
Andika: *Msimu uliopita zilidakwa asilimia 60 ya pasi zake.*

Linganisha: *daka, lenga, nasa, shabaha, tupa.* Kitenzi *tupa* kisitumiwe badala ya *rusha* pale pasi inaposifiwa, kwa kuwa hubeba pia maana ya kuacha kitu kisichohitajika. Chafaa pale kwotabeki anapoutoa mpira nje kwa makusudi ili asiangushwe nao.