Mwisho wa Mtemi Isike na Hukumu za Waliousikia

Kisa cha Isike, mtemi (yaani mtawala wa jadi) wa Unyanyembe, kilimalizika Januari 1893, pale Luteni Mjerumani Tom von Prince, aliyeitwa Bwana Sakarani, alipoliteka boma lake karibu na Tabora, baada ya mashambulizi ya Wajerumani ya mwaka 1892 kushindwa. Isike alipoona boma limevamiwa, aliwasha ghala la baruti akiwa ndani. Hakufa papo hapo, na Wajerumani wakamnyonga akiwa mahututi.

Kwa kuwa Tabora ilikuwa njia panda ya misafara ya Bagamoyo, Ujiji na Karagwe, habari haikuweza kubaki Unyanyembe. Kwa Wajerumani, mwisho huo wa Isike ulimaanisha njia za misafara kufunguka. Kwa wengi waliomkumbuka Isike, baruti ile ilikuwa kukataa kutekwa. Hukumu ya pili ina uzito zaidi, kwani kumnyonga mtu anayekata roho hakukuongeza chochote kwenye ushindi, bali kulidhihirisha jinsi mshindi alivyotaka kuumiliki hata mwisho wenyewe. Historia inayofundishwa Tanzania humweka Isike pamoja na Mkwawa, mtawala wa Uhehe, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani.